Debe Nililosaga Bila Kuombwa

Nilipohamia Qurus nilikuwa mtu ambaye hakuna kitu kingeweza kumshangaza tena. Nasema hivyo bila aibu. Nilitoka Kondoa na darasa la tatu na kaptula moja, nikachuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani mpaka vidole vikabadilika rangi, kisha nikawa utingo wa lori lililopeleka unga kwa wafugaji, tukipita ukingo wa Ngorongoro kwenye ukungu ambamo dereva alikuwa haoni hata taa zake mwenyewe. Nimesukuma lori lile kwenye tope huku nyati wamesimama wananitazama kama wakaguzi. Nimekaa Samunge wiki mbili nikisubiri springi, nikila maziwa asubuhi, maziwa mchana. Wenzangu niliochuma nao kahawa walikuwa bado wanazunguka kuomba vibarua wakati mimi nimeshafunga mashine yangu ya kusaga, ya dizeli, ndani ya banda nililolijenga kwa mikono hii. Miaka ile dizeli ilikuwa ya kibali, na wenye mashine wengi walikuwa wakifunga siku nne kwa juma. Yangu haikufunga. Niliipataje dizeli, hilo ni langu.

Watu wakaacha kuniita kwa jina. Nikawa Bwana Mashine, mke wangu Mama Mashine, na hata mbwa wetu akaitwa mbwa wa mashine.

Huko Samunge niliona mila ambazo sikuzipenda. Nilinyamaza. Nilikuwa mgeni, utingo, na wenyeji wana mikuki. Qurus ilikuwa jambo lingine. Hapo nilikuwa na nyumba ya bati, nilikuwa nasaga unga wa kata nzima, nilijua nani ana wageni na nani amepungukiwa kwa kutazama tu uzito wa debe lake. Nilijiona mwenyeji. Na mtu akijiona mwenyeji hujipa ruhusa ambayo hakuna aliyempa.

Jirani yangu wa upande wa bondeni alikuwa mwanamke kijana, hajafika miaka ishirini na mitano. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika ikiwa na miezi saba. Hapo ndipo nilipojua kinachoitwa metimani. Wenyeji wa kule, wakulima wa siku nyingi wa nchi ile ya vilima, nyumba yao ikipatwa na msiba wa aina fulani, na mtoto kufa tumboni ni mmoja wao, basi nyumba hiyo hutengwa. Haingii mtu, hatoki mtu kwenda kwa watu. Aliyetengwa hachoti maji kisimani pamoja na wenzake, anashuka chini kabisa, mahali maji yanapopita baada ya ng'ombe kunywa. Hapeani mkono na mtu. Hali chungu kimoja na mtu. Haendi mnadani, haendi kanisani, haendi mashineni. Akikutana na mtu njiani anatoka njiani. Mwezi baada ya mwezi, mpaka wazee waseme imetosha na nyumba isafishwe. Wanaogopa kwamba kifo kile kitahama, kiingie nyumba nyingine.

Mumewe alikuwa kibarua upande wa Mbulu jambo lile lilipotokea. Aliambiwa abaki hukohuko, maana akiingia ndani naye amefungwa. Akabaki. Kwa hiyo dada yule alikuwa peke yake, na mbuzi wawili, na jiwe la kusagia la bibi yake. Kila asubuhi, kabla sijawasha injini, nilikuwa nalisikia jiwe lile likikwaruza kule chini. Mimi nina mashine ya kusaga gunia zima kabla chai haijapoa, na hatua mia mbili kutoka kwangu mtu aliyefiwa anasaga kwa magoti.

Lililonikaa kooni zaidi ni habari ya mama yake. Mama yake alikuwa Buger, mwendo wa siku nzima kwa miguu, na alikuwa mgonjwa. Wapita njia walileta habari, wakazisema kwa sauti kutoka ng'ambo ya kijito: leo hajala, leo amekula kidogo, leo ameuliza mwanangu mbona haji. Na mtu aliye ndani ya metimani haendi kumwona mgonjwa. Angekuwa anamletea kifo mkononi. Siku moja nilimwona amesimama kwenye mpaka wa shamba lake, uso umeelekea Buger, amesimama tu.

Nikamwambia mke wangu kwamba mambo haya yamepitwa na wakati na nitayakomesha. Mke wangu nilitoka naye Kondoa, ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa hayanipendezi. Aliuliza kama dada yule ameniomba. Nikasema mtu aliyefungwa kamba mdomoni ataombaje. Akaendelea kuchambua mboga.

Mpango wangu ulikuwa rahisi, na wakati ule niliuona ni wa akili sana. Niliwaza hivi: watu hawa wanaogopa kitu ambacho hawajawahi kukijaribu. Nikisaga mahindi ya dada huyu mchana, mbele ya foleni nzima, na kesho yake hakuna aliyekufa, hofu itavunjika yenyewe. Sitahitaji hotuba.

Jumamosi, siku ya foleni kubwa, nikashuka bondeni. Nilivuka mpaka, nikaingia uani kwake, mtu wa kwanza kukanyaga pale kwa miezi karibu sita. Alikuwa anapepeta. Aliposimama ungo ulimtoka mkononi. Nikamwambia nimekuja kuchukua debe, nitalisaga bure.

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akasema, "Hapana, baba. Asante. Usinifanyie hivyo."

Nikacheka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ndiye mwenye mashine. Akasema tena, taratibu, akitazama chini, kwamba hapana, baba. Mimi nikasikia adabu. Watu wa kule wana adabu nyingi, hata chai wanaikataa mara mbili kabla ya kuipokea. Nikajibebea debe lililokuwa limejaa pale kando ya ungo, nikapanda nalo kilima, kifua mbele.

Foleni ilikuwa ya wanawake ishirini na kitu. Waliponiona nimebeba debe begani mwangu, mimi ambaye sibebi kitu, wakaanza utani. Mmoja akauliza kama Mama Mashine amenifukuza ndiyo nimeanza maisha. Nikaruka foleni, nikalimimina debe lote kwenye mdomo wa mashine, unga ukatoka, nikaujaza tena kwenye debe. Nikaendelea na wa kwenye foleni. Mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Walipokwisha wote, na kila mmoja ameshajitwisha au ameshaondoka, nikapanda juu ya gunia la pumba nikawatangazia waliobaki mahindi yale ya kwanza yalikuwa ya nani.

Nilitegemea minong'ono, labda matusi kidogo. Mama mmoja akashusha debe lake kichwani, akaliweka chini kama mtu anayeweka mtoto mgonjwa, akaondoka akaliacha.

Hapa nieleze jambo la kazi yangu, kwa asiyeijua. Mashine haitoi unga wote. Unga wa mtu hubaki kidogo tumboni mwa mashine na kwenye mfuko wa kitambaa, na anayefuata huondoka na ule wa aliyemtangulia. Kila mwanamke anajua hivyo, na walikuwa wakitaniana kwa hilo kila siku, kwamba leo nimekula mtama wa fulani, kesho utakula ulezi wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewazoesha utani huo. Na sikulifikiria, wallahi, hata mara moja, siku niliyomimina debe lile kwanza. Nilidhani naonyesha kwamba yule dada hana uchafu wowote. Wao walichokiona ni kwamba nimeuchukua msiba wake nikawapimia nyumba ishirini na kitu, kila moja kwa sehemu yake, na wengine jioni ile walikuwa wameshausonga na watoto wameshakula.

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Jumatano nilimsagia mke wangu, nikazima.

Hilo ningelivumilia. Kilichofuata ndicho sikukitegemea. Wazee walikaa, na hawakuniita mimi. Mimi nilikuwa kama mvua ya mawe, haishitakiwi. Walimhesabia yeye. Alikuwa amekaribia kutoka; sasa, walisema, hesabu inaanza upya, siku ya kwanza, na safari hii ni mwaka mzima. Na pale kijitoni ambapo watu walisimama kumpa habari za mama yake, pakafungwa. Hakuna wa kumsemesha tena, hata kwa mbali.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimkumbusha kwamba serikali haitambui mambo kama haya, nikapiga meza. Mwenyekiti alikuwa na kadi ya chama mfukoni na unga wangu tumboni, maana mke wake alikuwa wa tano kwenye foleni ile. Alinitazama kwa huzuni akaniambia, "Bwana Mashine, mimi nikiandika barua kwa mkuu wa wilaya leo, barua itamchotea maji huyo dada?" Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu ambaye ameonyeshwa mlango wazi akakuta ukuta.

Lakini mimi si mtu wa kuacha. Kama ningekuwa wa kuacha ningekuwa bado Oldeani. Niliapa kwamba dada yule atafika Buger mama yake akiwa hai, hata kama itabidi niibebe nchi ile mgongoni. Kwanza niliwaza kumchukua kwa lori la kukodi, usiku au mchana, nimtupe Buger kwa nguvu. Mke wangu akaniuliza watampokea nani huko Buger, watu ambao desturi yao ni hiyohiyo. Halafu akasema kwamba wanaume nimeshawajaribu wote, sasa niende kwa wanawake.

Wanawake wa kule wana baraza lao. Wanaume hawalipendi kulizungumzia, lakini wanaliogopa. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja mfupi, mkali, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye kila mara alinishitaki kwamba kipimo changu kina tako nene, kinapunja watu. Nikatuma salamu kwa mtu aliyesimama ng'ambo ya njia. Siku ya tatu nikaitwa. Walikuwa wamekaa kwenye majani, mteremkoni, kama sitini hivi, kila mmoja na fimbo yake. Nikaambiwa nikae mbali nao, peke yangu, upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwangu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilizungumza vizuri, naweza kusema hivyo, mimi huzungumza vizuri. Nilisema mtu aliyefiwa hafungwi, hufarijiwa. Nilisema hakuna hakimu angemhukumu mama kwa kufiwa na mtoto. Nilisema kama kifo kinahama basi kingekuwa kimeshaua kata nzima tangu Jumamosi ile.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulimwuliza?"

"Nani?"

"Mwenye mahindi."

Nikasema nilimwambia nakuja kumsagia bure.

"Sikukuuliza ulimwambia nini. Nimekuuliza yeye alisemaje."

"Alikataa, bibi. Lakini alikataa kwa adabu tu."

"Kumbe ulimsikia," akasema.

Wale sitini hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Akaendelea, bila kupandisha sauti. Aliniuliza ni nani aliyeniambia kwamba wao wanaipenda metimani. Yeye mwenyewe amekaa ndani yake mara tatu, ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, na ya kwanza ilikuwa miaka miwili kamili. Alinionyesha kwa fimbo, huyu mbili, yule moja, yule pale nne. Miaka yote hiyo, akasema, wameivuta chini kidogo kidogo. Miaka miwili ikawa mmoja na nusu, mmoja na nusu ukawa mmoja, mmoja ukawa miezi tisa, na kila mara wazee walidhani ni wao walioamua. Kwa dada huyu walikuwa wanaishusha mpaka sita. Wazee walikuwa wameshakubali. Kondoo wa kumsafisha alikuwa ameshachaguliwa.

"Angesafishwa Alhamisi ya juma lile," akasema. "Wewe ulikuja Jumamosi kabla yake. Siku tano, Bwana Mashine. Na baada yake, kila binti atakayepoteza mtoto nchi hii angehesabiwa kwa ile sita. Sasa wazee wameogopa, na mtu aliyeogopa anarudi kwenye mwaka."

Sijawahi kupigwa vile. Niliwahi kupigwa na dereva kwa spana, haikufika hapo. Nilikaa na majani yangu mkononi, nayanyofoa. Nikawaza kumwambia kwamba hata hivyo siku tano au miaka miwili, jambo lenyewe ni baya. Na ni baya. Mpaka leo nasema ni baya, nitalisema mbele ya mtu yeyote. Lakini pale palikuwa na watu sitini waliokuwa wanalibomoa jengo lile jiwe moja moja, usiku na mchana, wakiwa ndani yake, na mimi nimekuja na kishindo changu kutoka nje nimewaangushia ukuta.

Nikauliza nifanye nini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza mtu swali hilo tangu nipate mashine.

Waliteta kwa lugha yao kwa muda mrefu. Mimi lugha yao naijua ya kununulia na kuuzia, ile nyingine sikuwahi kuihitaji. Mwisho bibi akaniambia uamuzi. Wao watawaendea wazee, watasema kwamba uchafu ule haukutembea kwa miguu ya dada. Ulibebwa begani na mwanaume aliyekatazwa, ukaingizwa kwenye chombo chake. Kwa hiyo ni wa kwake. Aliyeubeba ndiye akae nao. Mimi na nyumba yangu tutaingia ndani miezi miwili, mashine imezimwa, na kondoo wa kusafisha nyumba zile zote atoke kwangu, pamoja na asali. Wazee wakiona mwenye mashine mwenyewe amekaa ndani hofu yao itapata pa kutua, na dada atahesabiwa sita zake.

"Na ukikataa," akasema, "sisi tutakusikia."

Sikukataa. Watu wa mjini Karatu waliponiuliza baadaye kama kweli nilikubali kufungwa na mila ambayo siiamini, niliwaambia kwamba nilikuwa nimeapa mtu afike Buger, na hiyo ndiyo barabara pekee iliyokuwa imebaki. Watoto wetu niliwapandisha lori la Kondoa siku ileile waende kwa bibi yao. Mke wangu alibaki. Alisema yeye alishazoea kukaa na mtu asiyesikia, kutengwa hakutakuwa kitu kigeni.

Juma la kwanza nilijigamba hata ndani ya uzio. Nilirekebisha mabati, nikapaka grisi kila kipande cha mashine. Juma la pili nilianza kusimama kwenye mpaka. Mtu akipita nasema habari za asubuhi, naye anatoka njiani, anapita kwenye shamba la watu, anarudi njiani mbele. Hawakuwa na chuki. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, hawakuwa na chuki hata kidogo. Nilichota maji chini ya mahali ng'ombe wanaponywea, nikayachuja kwa kanga ya mke wangu. Mke wangu alisaga kwa jiwe aliloazima kwa kuashiria kwa mkono kutoka ng'ambo, wakaliacha kwenye mpaka. Nikajaribu kumsaidia. Magoti yangu yalidumu kibaba kimoja.

Dada yule alisafishwa siku ya nne ya kifungo changu. Nilisikia vigelegele kutoka bondeni. Kesho yake alfajiri alipita kwenda Buger, mzigo kichwani, anakwenda karibu kukimbia, na hakugeuka upande wangu.

Alirudi baada ya majuma matatu. Nilikuwa nimekaa kwenye mpaka, juu ya debe tupu. Akasimama ng'ambo ya njia, mahali panaporuhusiwa. Alikuwa amenyoa nywele, kwa hiyo nilijua kabla hajasema.

"Nilimkuta," akasema. "Tulikaa siku kumi na moja. Uji alikuwa anakunywa kwa mkono wangu tu, wa wengine alikuwa anautema."

Nikampa pole. Nikamwambia nisamehe, dada. Alilipima neno lile kama mtu anayepima debe kama lina ujazo.

"Siku kumi na moja," akasema tena. "Ningetoka Alhamisi ile, zingekuwa ishirini na mbili." Akajitwisha mzigo wake akashuka bondeni.

Hakuwahi kunishukuru, na alikuwa sahihi. Alirudi kwenye foleni yangu nilipofungua, pamoja na wenzake. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusaga asubuhi, kwa hiyo wa kwanza nikawa mimi, kibaba cha mahindi yangu kila siku, mbele yao, nakipeleka nyumbani wote wakiona. Miaka miwili baadaye nilisikia, si kwa kuambiwa bali kwa kusikia tu mazungumzo kwenye foleni, kwamba metimani ya binti mmoja wa upande wa pili imekwisha kwa miezi minne. Nilimimina mahindi.

Watu hupenda kuniuliza jambo lile lilinigharimu nini, nao wanategemea nitie chumvi, kama kawaida yangu. Hapa sitii. Kondoo wawili, mmoja wa nyumba zile na mmoja wa kuisafisha yangu, asali madebe mawili, nauli ya watoto kwenda na kurudi, dizeli iliyoharibika kwenye pipa, na miezi miwili ya mashine iliyozimwa: shilingi elfu tisa, mia tatu themanini na tano.